Ratili Nne Mlangoni pa Maktaba

Tarafa yetu yote haijapata mlinzi wa maktaba wa kunishinda mimi. Mwezi wangu wa kwanza mlangoni, mwaka wa 1967, hakikupotea hata kitabu kimoja. Lakini wacha niseme ukweli, maana Tecla bado yupo na atanisuta: hakikupotea kwa sababu hakikutoka. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wanaruhusiwa kuazima. Kila aliyefika mlangoni na kitabu nilimpokonya, nikakirudisha kwenye rafu. Hata pasta nilimchomolea chake kwapani.

Tecla ndiye aliyekuwa mkutubi wetu, msichana mpole wa Kipsigis aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Alinikalisha chini akanieleza polepole. Vitabu vya kawaida vinatoka kwa kadi na muhuri. Vile vikubwa vyenye alama nyekundu mgongoni havitoki kabisa, vinasomewa mezani. Basi nikaijua kazi, na pasta nikamwomba msamaha.

Mwezi wa tano vikapotea vitabu viwili vya alama nyekundu. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Mzee Ratemo, zamani alikuwa karani wa korti na bado alikohoa kama hakimu. Alikuja na hukumu tayari. Wezi ni wachuma chai, alisema, kwa sababu wanaingia na vikapu mgongoni na kikapu kina tumbo kubwa. Kikipotea kitabu kimoja zaidi, mchuma chai hataingia tena humo.

Hapo alinigusa pabaya. Mimi mwenyewe nilichuma chai miaka kumi na mmoja, nikaacha kwa sababu ya mgongo tu. Na kulikuwa na Sellah, jirani yangu katika kambi ya wachuma. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, watoto wanne, na alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa darasa la saba Novemba hiyo. Saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alikuja kwetu mbio, akasugua vidole kwenye pipa la maji ya mvua mpaka weusi wa chai upungue, kisha akakaa na hesabu zake. Vitabu alivyohitaji havikuwa mahali pengine. Akifungiwa mlango, mtihani umekwisha. Aliniuliza kama ni kweli watafukuzwa. Nikamwambia asome, mlango ni wangu.

Nikaweka sheria. Vikapu vyote nje, juu ya mbao. Makoti kwenye misumari. Wachuma walinicheka, wakauliza kama nitawavua na viatu, nikawajibu viatu vyenyewe mnavyo? Wakatii. Aliyekataa ni Mzee Ratemo na mkoba wake wa ngozi. Mwenyekiti hapekuliwi, alisema. Tecla akaniomba nimwachilie, kwa kuwa sahihi ya mzee huyo ndiyo iliyokuwa kwenye barua yake ya kazi.

Basi sikumpekua. Nilimheshimu. Kwetu mtu mkubwa akija unampokea mzigo, na akiondoka unamsindikiza ukimbebea mpaka njiani. Kumnyima heshima hiyo ni aibu, na yeye kuikataa ni aibu zaidi. Kila alipofika nilimpokea mkoba kwa mikono miwili, nikamfikisha nao kwenye kiti. Akitoka, naupokea tena mpaka kwenye baiskeli yake. Alifurahi huyo! Aliwaambia wanakamati kwamba mimi, Bitutu, sasa nimeshika adabu. Siku nne mkoba uliingia na kutoka vile vile.

Siku ya tano, mchana, wachuma walikuwa wamejaa mlangoni wakichukua vikapu warudi shambani. Mzee akatoka. Nikapokea mkoba, nikasimama pale pale.

Mchuma chai asiyejua uzito wa kikapu chake kabla hakijafika kwenye mizani ataonewa maisha yake yote. Mimi sikuonewa. Mkono wangu ulikuwa ukitaja ratili, karani akitundika kikapu anakuta ni hizo hizo, ananuna.

"Mzee," nikasema, "mkoba umenona. Uliingia na ratili tatu. Sasa ni saba."

Wachuma wakatugeukia. Hao walikuwa watu wa ratili, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejuaje. Sellah akatua kikapu chake chini taratibu. Tecla akatokeza mlangoni, kalamu mkononi.

"Mama, lete huo mkoba," Mzee akasema.

"Si nakusindikiza nao, Mzee? Ila kama ni kitabu kimeingia humo, hawa ndio watakaofukuzwa."

"Kitabu gani? Hiyo ni nyama. Ratili nne, ya watoto nyumbani."

Nikaunusa mkoba. Nikamuuliza ng'ombe huyo alichinjiwa rafu gani, maana wakati wa kuingia sikumbeba. Akakohoa kile kikohozi chake cha korti. Akasema nyama ameletewa humo ndani sasa hivi, amepitishiwa kwenye dirisha la nyuma, na aliyemletea ni Orina mwenye bucha, mtu mwaminifu, twende tukamuulize kama tunathubutu.

Hatukuhitaji kwenda. Orina alikuwa amesimama nyuma yake, akingoja tumpishe aingie asome gazeti. Hakuwa na kazi nyingine. Ng'ombe walikuwa wamewekewa karantini wiki ya pili hiyo, na kutoka kwetu mpaka Fort Ternan hakuna bucha iliyokuwa imefunguliwa.

"Mzee," Orina akauliza kwa upole, kofia kifuani, "nilikuletea nyama mimi?"

Mimi niliendelea kuushika mkoba wa Mzee Ratemo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na Tecla akaanza kufungua vifungo.