Mizani ya Kupimia Ndagala

Muforoma Elda, muuguzi wa Minago, hakujua kunong'ona. Akikusalimia "amahoro" mlangoni mwa kituo cha afya cha Minago, wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, kule chini ufukweni huitikia. Watu walimpenda na kelele zake hizo hizo. Kila Jumanne, siku ya kupima watoto, kila mmoja mara moja kwa mwezi, baraza lilijaa wamama mpaka wengine wakakaa chini ya michikichi, na umbea wa wiki nzima ukapita mkono kwa mkono pamoja na watoto.

Ndiyo maana Jumanne ile kila mtu alisikia.

"Kilo tatu na gramu mia nane!" Elda alifoka. "Mwezi uliopita alikuwa na nne kamili. Aksanti, huyu mtoto anarudi nyuma kama kaa?"

Mtoto mwenyewe, Élysée, alining'inia kwenye mizani, mguu mmoja nje ya kitambaa, akinyonya kidole bila wasiwasi. Mama yake alifariki wiki aliyomzaa. Baba yake akavuka ziwa kurudi kwao Fizi, upande wa Kongo, hakuonekana tena. Aliyebaki ni Aksanti, mama yake mdogo, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyemwachisha mwanawe kunyonya kabla ya wakati ili titi liende kwa mtoto wa marehemu. Elda ndiye aliyemfundisha kumpakata, na kila wiki alimpa unga wa uji wa kumwongezea maziwa.

"Muganga, mutoto ananyonya," Aksanti alisema. "Hata nguo za mwezi uliopita hazimuingii tena."

"Mimi sipimi nguo!"

"Ananyonya mpaka analala."

"Mizani haina shemeji, mwanangu. Haimpendelei mtu. Watoto wengine wamepungua kwa sababu ziwa limefungwa, samaki hakuna, njaa iko. Lakini wewe unapewa unga! Unaupeleka wapi? Sokoni?"

Baraza lote likaguna. Kuna aliyesema, "Ah, kumbe," na hiyo "kumbe" ikatembea kutoka mdomo hadi mdomo. Aksanti alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Kwenye blauzi yake kulikuwa na mabaka mawili ya maziwa yaliyovuja, mapana kama sahani. Elda aliyaona. Aliyaona, kisha akageuka kuangalia sindano ya mizani, akaandika barua: Jumanne ijayo mtoto apelekwe nyumba ya mayatima, Rumonge mjini.

Sasa, ile mizani. Ya kituo, ile iliyompima Élysée kilo nne, ilivunjika mwezi mmoja kabla, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inazunguka maofisini. Hamidou, mnunuzi mkubwa wa samaki, ndiye aliyejitokeza. Ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazaane, mizani yake haikuwa na kazi. "Ipelekeni kwa watoto," alisema mbele ya watu, mkono kifuani. Alisifiwa wiki nzima.

Alhamisi ziwa likafunguliwa. Asubuhi boti za kwanza zilirudi zimelemewa, na ufukwe ukajaa watu kama harusi. Elda aliibeba mizani mwenyewe kuirudisha, apate na kumshukuru Hamidou, apate na habari mbili tatu.

Mvuvi Zabroni ndiye aliyemwona kwanza. "Jamani, fungeni midomo ya vikapu! Mlafi amerudi!"

Wavuvi wakacheka, kicheko cha watu wanaopunjwa na hawana la kufanya.

"Mlafi nani?" Elda aliuliza.

"Si huyo unayempakata, Muganga. Kwenye sifuri anasimama vizuri kama mcha Mungu. Mtundikie ndagala sasa! Kilo kumi anakwambia nane na kidogo."

Mama Sikujua, aliyekuwa akitandaza ndagala mchangani, aliinua kichwa. Alikuwa mtu mzima aliyejua ya kila nyumba tangu Kabezi mpaka Kigwena. "Eti ndiyo hii mliyopimia watoto huko juu? Si ile nyingine, nzuri?"

"Hii hii," Elda alisema.

Kicheko kikakatika. Hata waliokuwa wakivuta nyavu walisimama.

Elda hakungoja. Alikwenda kwenye kibanda cha karibu, akachukua mfuko wa mchele wa kilo tano, haujafunguliwa, akautundika. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatulia. Nne na gramu mia mbili.

Alihesabu kichwani mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuamini. Zile tatu na mia nane za Jumanne zilikuwa nne na nusu. Élysée hakupungua. Ameongezeka nusu kilo. Nusu kilo kwa mwezi, kwa titi la msichana aliyelala na uji tu tumboni, na yeye Elda alimwita mwizi mbele ya wilaya nzima!

"Hamidou!"

Hamidou alikuja akitabasamu, kanzu nyeupe, kalamu sikioni. "Muganga wetu! Mizani imesaidia?"

"Inakata uzito. Ulijua inakata."

Tabasamu likasogea upande. "Mama, hiyo ni mizani ya samaki. Mimi nilitoa msaada."

"Ulisema ni ya watoto!"

"Ndiyo, ya watoto." Akashusha sauti, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Mtoto hauzwi, Muganga. Ikikata kidogo, nani anapata hasara?"

Elda alitaka kumpiga na ule mchele. Mkono ulifika nusu ya njia. Badala yake aliwageukia wote. "Na nyinyi? Mwezi mzima mmejua! Wajukuu zenu wametundikwa hapa, mkanyamaza!"

"Polepole na sisi," Mama Sikujua alisema. "Tuliona Hamidou ametoa mizani, tukasema labda ametoa ile nzuri. Ni nani angekwenda kuuliza? Kesho nani atanunua ndagala zangu? Na wewe, mwanangu, ulituuliza? Yule binti alikwambia nguo hazimuingii mtoto. Tulikusikia mpaka huku unavyomjibu."

Hilo liliingia kama mwiba wa samaki. Elda aliichukua mizani na mchele wake, akapanda kilima. Nyuma yake Hamidou alipaza sauti, "Hiyo ni mali yangu!"

"Njoo uichukue Jumanne, mbele ya wamama!"

Nyumbani kwa Aksanti alikuta kitenge kimefungwa fundo la safari, sufuria juu yake. Élysée alikuwa kwenye titi, mashavu yamejaa. Yalikuwa yamejaa hata Jumanne, kwa yeyote mwenye macho.

"Mtumbwi uko kesho," Aksanti alisema bila kuinuka. "Navuka kwetu. Mutoto wa dada yangu hamumuchukui."

"Hachukuliwi. Mizani ilikuwa mbovu. Nimekosa, Aksanti. Nisamehe."

Aksanti alimhamisha mtoto titi la pili, taratibu. "Humu ndani tuko mimi, watoto na kuku. Siku ile ilikuwa Minago yote. Kanisafishe pale uliponichafulia. Mtumbwi utanisubiri mpaka Jumanne."

Ijumaa Elda alipanda pikipiki hadi Rumonge mjini, hakuondoka mpaka akaazimwa mizani ya watoto. Ile barua ya mayatima aliichana mbele ya mkuu wa kituo.

Jumanne baraza lilijaa kuliko siku ya chanjo. Kwenye nguzo moja alining'inia Mlafi na mchele wake, kilo tano zinazosomeka nne na mia mbili, kila aingiaye akizisoma kwa sauti. Hamidou hakuja. Kwenye nguzo ya pili, mizani ya Rumonge. Elda aliijaribu kwanza na mfuko mwingine wa mchele: tano kamili. Kisha akamtundika Élysée. Kilo nne na gramu mia sita.

Aliwageukia wamama. Sauti iliyokuwa haijawahi kumkosa ikatoka nyembamba, kama ya mgeni. "Aksanti hakuuza unga. Mtoto alikuwa mzima. Mimi ndiye..."

"Sauti, Muganga," Aksanti alisema. Alikuwa bado na fundo lake la safari mgongoni. "Kule kwenye ndagala hawajasikia."

Elda akajaza kifua hewa, akapaza. Alimtaja Hamidou na mizani yake, akajitaja na yeye kwa jina lake lote, mpaka kuku wakaruka.

Kisha kutoka chini ufukweni ikapanda sauti ya Mama Sikujua:

"Rudia!"

Aksanti akafungua fundo, akaketi. Elda akarudia.