Tyubu ya Babu Minya

Msusi alimpenda baba mkwe wake, hilo tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia mtu anaishi na mkwe wanatega masikio wapate umbea. Mzee alikuwa fundi viatu mpaka macho yalipomchosha, ndipo mwanawe, mume wa Msusi, dereva wa lori, akamleta nyumbani. Sasa fundi viatu hajui kutupa. Gundi ikigoma kutoka, huipasua tyubu kwa kisu cha kukatia ngozi na kuikwangua hadi tone la mwisho, na tabia hiyo mzee alihama nayo. Dawa ya meno ikiisha, yaani ikiisha machoni pa watu wengine, yeye aliikunja kuanzia mkiani, akaiminya, akaipasua, na nyumba nzima ikaendelea kupiga mswaki. Wajukuu wakamwita Babu Minya.

Tyubu tupu aliziosha, akazianika, akazikata vipande vya kutandika ndani ya viatu vya watoto visipitishe maji. Maboksi yake akayafanya ya kuwekea misumari. Taka zilipungua mpaka mzoa taka akagonga mlango kuuliza kama wenyewe wamehama.

Asubuhi moja Msusi alimkuta mzee bafuni anakwangua tyubu iliyopasuliwa, na pembeni ipo mpya, imejaa.

"Baba, mbona hutumii hiyo?"

"Hiyo ya watoto. Mimi meno yenyewe yamebaki mawili matatu."

Mzee alicheka. Msusi hakucheka. Kutwa nzima saluni roho ilimuuma, baba wa watu anaishi kwa makombo ndani ya nyumba yake. Jioni akapitia dukani, akachukua tyubu kubwa kuliko zote, ya boksi la kung'aa, akampelekea chumbani.

"Hii ni yako peke yako, baba. Sitaki kukuona unakwangua tena."

Mzee alishukuru. Alishukuru mno, na mtu wa nyumbani hashukuru hivyo, lakini Msusi alikuwa na furaha yake, hakuliona hilo. Tangu hapo mzee akawa anapiga mswaki uani, peke yake, na mezani haji mpaka aitwe. Mwisho Msusi akamkuta anafunga begi.

"Safari ya wapi, baba?"

"Kwa dada yangu. Nimekaa vya kutosha."

"Nani kakuudhi?"

Mzee akaketi kitandani, shati mkononi. "Hakuna aliyeniudhi, mwanangu. Ila mimi na marehemu mke wangu, na watoto wote, tulitumia tyubu moja. Hata tukigombana, asubuhi mmoja atamminyia mwenzake. Anayetengewa yake ni mgonjwa au mgeni. Mimi sijui ni yupi."

Msusi naye akakaa. "Baba, nilidhani unajinyima. Niliona aibu, wewe kula makombo kwangu."

"Makombo?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Ile ilikuwa kazi. Wewe unasuka, mwanangu anaendesha lori. Mimi nikiokoa dawa kidogo, siku hiyo nami nimeleta kitu nyumbani. Ukaniambia niache."

Jamani, kuna wema unaokata kuliko kisu. Msusi alilia waziwazi mbele ya mkwewe, wala hakujificha. Alimpenda mzee yule kama aliyemzaa, na sasa alikuwa anamfukuza kwa zawadi. Neno samahani lilimjia, akalitamka, akaona halitoshi kulifungua begi lile.

"Baba," akasema, "nikwambie kitu, usinigombeze."

"Sema."

"Kule saluni natupa. Mafuta ya nywele, dawa za kuoshea, chupa na tyubu, kila wiki ndoo nzima. Nyingine nikizitikisa nasikia bado kuna kitu ndani. Sina muda wa kuzikamua, na sina wa kumwachia."

Mzee akaliweka shati chini.

"Ndoo nzima?"

"Inafurika, baba."

"Na unatupa?"

"Natupa."

"Mtoto wewe," mzee alisema, na sauti ilikuwa ile ya baba anayemkaripia mtoto wake, "utatufilisi sisi."

Kisha akalivuta begi, akapenyeza mkono chini ya nguo, akaanza kutafuta kisu chake.