Shikamoo ya Mtani

Mtani wako akikuambia nyumba yako inaungua, kwanza unamcheka, halafu ndiyo unageuka kutazama. Ndivyo walivyo watu wa Zombo, wa mlimani, na watu wa Ulaya, kijiji cha bondeni, si ile Ulaya ya Wazungu. Wametaniana tangu enzi za mababu, msibani hata harusini, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuchelewa kugeuka kungeweza kuua watu.

Selestina alikuwa wa mlimani. Mbali na shamba lake la maharage, kazi yake ilikuwa kusoma kipimio, ule ubao mrefu wenye namba uliochomekwa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya nyumba yake. Asubuhi anateremka, jioni anateremka, anatazama maji yamefika wapi, kisha anampigia simu Yusrah wa Ulaya, ambaye naye ana kipimio chake huko chini. Yusrah humpigia Mzee Fortunatus wa kituo cha mwisho, kule tambarare ya Mkata. Utaratibu wenyewe ndio huo tu: wa juu amwambie wa chini yake.

Walijuana Mikumi, kwenye semina, katika ukumbi wa gesti iliyobanana na barabara kuu kiasi kwamba kila lori la Iringa likipita mwalimu ananyamaza, anangoja. Mwalimu mwenyewe alitokea Kagera. Aliwaeleza jinsi mto mmoja kule unavyogusa nchi nne, na jinsi watu wasiojuana hata kwa sura wanavyopeana habari za maji kuvuka mipaka. "Mto hauombi ruhusa mpakani," alisema, "kwa hiyo na habari zake zisiombe." Selestina aliyapenda sana maneno hayo. Yusrah, aliyekaa nyuma yake, alimgusa bega akamnong'oneza: "Umesikia? Nyie wa mlimani mnaonawa miguu kwenye maji yetu ya kunywa, mtuambie kabla hamjanawa!" Walicheka mpaka wakatazamwa na ukumbi mzima.

Basi urafiki ukaanzia hapo. Yusrah alikuwa mkubwa, mkubwa wa kutosha kuamkiwa, na kwao mdogo asipomwamkia mkubwa hilo ni jambo la kuitiwa kikao cha ukoo. Lakini mtani haamkiwi bwana, mtani anatukanwa! "Hujafa tu?" ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi. "Nife halafu nani awafundishe nyie kuoga?" ndiyo ilikuwa nzuri. Namba ya kipimio ilitajwa katikati ya kicheko, ikaandikwa, siku ikaenda. Cleopa, mume wa Selestina, alikuwa akisema serikali hii inapimiwa maji na vichaa wawili.

Sasa ikaja siku ya gulio la Ulaya. Mlimani mvua ilianza tangu alfajiri, mvua ya kumwagwa kwa ndoo, lakini bondeni hakukuwa na hata wingu. Na gulio lenyewe, jamani, hufanyika kwenye kiwanja cha chini kando ya mto, kwa sababu ndipo penye kivuli na ndipo wauza mboga wanapooshea mboga zao. Selestina alipofika kwenye kipimio alikuta namba za chini zimeshazama. Akiwa bado amesimama pale, mwavuli umepinduka, maji yaliimeza alama nyekundu ya hatari. Mti mzima ukapita ukizunguka, mizizi juu. Akapiga simu.

"Yusrah! Maji yamepita nyekundu! Toa watu gulioni sasa hivi!"

Alijibiwa kwa kicheko. "Mtani, huku jua linatupasua utosi. Unataka niwafukuze wateja ili nyanya zenu mbovu zipate soko? Umeshindwa na ulegee!" Simu ikakatwa.

Akapiga tena. "Haki ya Mungu, Yusrah, leo sitanii!"

"Wiki iliyopita uliapa haki ya Mungu kwamba umeniona juu ya ungo nazunguka kanisa lenu." Waliokuwa karibu naye wakaangua kicheko. "Nina wateja, mchawi wewe. Nipigie jioni."

Selestina alimpigia mtendaji wa kijiji cha kule, hapatikani. Aliandika kwenye kundi la simu la wasoma vipimio, lakini Yusrah akiwa mbele ya meza yake ya samaki wakavu hasomi kitu, hata ungemtumia habari za kiama. Cleopa alikuwa ameshuka na koti la mvua, akamwekea mabegani.

"Piga tena umtukane haswa," alisema Cleopa. "Mtukane mpaka akasirike, atakusikiliza."

"Nikimtukana ndiyo atacheka zaidi!"

Aliposema hivyo ndipo alipoelewa. Kuapa, kulia, kupiga kelele, kusihi, vyote alishavitumia kwa Yusrah kwa ajili ya kuchekeshana, na sasa vilikuwa havina kazi. Alitafuta kitu ambacho hajawahi kumpa hata siku moja. Alikipata, akaona hata aibu, kilikuwa kidogo mno mbele ya maji yale.

Simu ilipopokelewa hakungoja tusi. "Shikamoo, dada Yusrah," alisema taratibu.

"Marahaba," Yusrah aliitika, kama mtu yeyote aliyelelewa anavyoitika kabla hajafikiri. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Selestina. Kuna nini?"

"Maji yamepita nyekundu na bado yanapanda. Yanabeba miti mizima. Yatawakuta hapo hapo sokoni. Watoe watu, dada yangu, nakuomba."

Yusrah hakukata simu. Selestina alibaki ameibana simu sikioni, akasikia soko lote la Ulaya likimjia kupitia mvua. Alimsikia Yusrah akipaza sauti kwamba mto unakuja, watu wapande juu. Alisikia kicheko. Mwanamume mmoja akasema, "Umeambiwa na nani, wale wa mlimani? Watani wale, mama, watakutoa roho!"

"Amenipa shikamoo!" Yusrah alipiga kelele, sauti ikamkatika. "Nyie, hamsikii? Mtani wangu amenipa shikamoo!"

Kicheko kikazimika. Mwanamke mmoja alimwita Mungu wake. Halafu mabati yakaanguka, watu wakaanza kuita majina ya watoto wao, na simu ikakatika. Selestina alipojaribu tena, mtandao wa mlimani ulikuwa umeshakwenda na mvua.

Alikaa pale mpaka kipimio chenyewe kilipoinama na kuchukuliwa. Hakukuwa na cha kusoma tena. Cleopa akatoa pikipiki, wakashika njia ya mgongoni mwa kilima, wakisukuma zaidi kuliko kupanda, tope hadi magotini. Selestina alisali njia nzima kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Aliogopa vibaya mno. Aliwaza kwamba watu wale walipoteza muda wakicheka, na kicheko hicho ni yeye na Yusrah waliokipanda.

Walipofika Ulaya, kiwanja cha gulio hakikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai, meza zimeelea miguu juu, na turubai la buluu limenasa kwenye matawi. Selestina alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama.

Watu walikuwa juu, wamejaa uwanja wa shule, na vikapu vyao, na kuku wao, na makelele yao. Katikati yao Yusrah, pekupeku, kanga imejaa tope, alikuwa akimwendea kila mwenye simu na kuondoka akitikisa kichwa.

"Wote?" Selestina aliuliza.

"Wote. Tumeita kijiji kwa kijiji, kila mtu kaitika. Bibi mmoja aligoma kumwacha mbuzi wake, tukambeba yeye na mbuzi."

Selestina alikaa chini kwenye tope akalia kwa nguvu, kama mtoto. Yusrah alimwinamia, akamkumbatia kwa kumkaba, naye machozi yakimtoka, kisha akamtikisa.

"Utalia baadaye. Simu yangu imekwenda na maji. Namba ya Mzee Fortunatus siijui kwa kichwa, na yeye ana simu ya kitochi, kwenye kundi hayumo. Hakuna hapa anayeijua. Kule tambarare maji hujikokota, lakini yatafika. Unayo?"

Alikuwa nayo, tangu semina ya Mikumi. Alifuta vidole kwenye nguo, akaitafuta, akaona mtandao upo, akabonyeza na kumpa mwenzake simu. Yusrah alijifunga kanga upya, akasimama wima.

"Ni Ulaya hapa, baba. Maji yametupita sisi, yanakuja kwenu. Waambie walio kando ya mto wahame, na mifugo wahame nayo."

Mzee aliuliza kitu upande wa pili. Yusrah aligeuka, akautazama uwanja wote ule wa watu.

"Tupo, baba," alisema. "Tupo wote. Na nyie mna muda bado."