Ukuta wa Llandreiniog

Kondoo dume wa Meinir Parri aliitwa Askofu kwa sababu ya uso wake, hasa alipokuwa akitafuna. Kwa miaka minne alikula majani kati ya makaburi ya kanisa la Llandreiniog, kijiji cha Wales, wala hakuna aliyelalamika, mpaka Idwal Huws aliponunua mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia na kuendesha. Kijijini hapo kila mtu huitwa kwa kitu chake. Haikupita wiki, akawa Idwal Mashine, naye akalivaa jina hilo kama nishani.

"Makaburi si zizi, Meinir," alisema. "Jumapili tunapiga kura. Ukishindwa, Alhamisi huyo anakwenda mnadani."

Meinir alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa. Shamba alishaliuza. Askofu ndiye pekee aliyebaki, na marehemu mumewe ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa jikoni. Sasa mume alikuwa amelala chini ya majani yale yale. Basi Meinir akamwomba Mungu, na Jumanne akaenda darasa la jioni la asili ya maneno.

Mwalimu alikuwa Goulven, Mbretoni kutoka Ufaransa, aliyeoa Wales na kuzoea mvua.

"Mwalimu, hii llan iliyo kwenye jina la kijiji chetu, maana yake ni kanisa tu?"

"Kanisa lilichelewa kufika, mama. Mwanzo llan ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ukuta. Watawa wakajenga humo, jina likahamia kwenye kanisa. Sisi Wabretoni tunalo neno hilo, Wakorni wa kusini wanalo, Waairishi wanalo. Na ninyi wenyewe, bustani ya matunda mnaiitaje?"

"Perllan."

"Na zizi la kondoo?"

"Corlan," alisema Meinir, akaisikia llan ndani yake, akaliandika neno na kulipigia mistari mitatu. Alipofika nyumbani akapiga magoti. "Bwana, sitaki Idwal aaibike. Nataka ashindwe kidogo tu."

Jumapili baada ya ibada watu walibaki ndani kwa mkutano. Meinir alikuwa na hotuba ya kurasa sita. Mchungaji Non akasema tuanze na wimbo.

Sasa, wimbo wa Llandreiniog haumaliziki unapoisha. Ubeti wa mwisho hurudiwa, kisha hurudiwa tena iwapo besi, waimbaji wa sauti nzito, wanaona hawakushuka vizuri. Idwal, besi mkuu, aliyekuwa ametoka baada ya ibada, aliingia mbio. Alikuwa ameiegesha mashine juu ya mteremko ili wapiga kura waione wakitoka.

Katika marudio ya nne, kishindo kikubwa kilisikika nje, kisha mawe yakaporomoka. Watu wakatazamana. Hakuna aliyenyamaza. Ubeti ulikuwa haujaisha, na noti ya chini kabisa ilikuwa mikononi mwa Idwal mwenyewe. Aliishikilia mpaka mwisho huku macho yamemtoka. Ndipo wote wakakimbilia nje.

Mashine ilikuwa imeteremka, imebomoa ukuta, na imeingiza pua kijitoni. Askofu alisimama kwenye pengo, barabara yote wazi mbele yake, akitafuna. Hakutoka.

"Idwal, hendibreki je?" aliuliza Mchungaji.

"Ningechelewa wimbo!"

Kila mtu alikubali kuwa hiyo ni sababu ya haki.

"Nilikuwa na hotuba," Meinir alianza.

"Tunajua!" walijibu wote.

"Basi nitasema moja tu. Wazee wetu waliona ukuta ndio wa kwanza, hivi vingine vikafuata, kanisa, makaburi na kondoo. Nasi tuanzie hapo. Kupanga mawe baba alinifundisha. Idwal, wewe utabeba."

"Mimi? Na mgongo huu? Na majani atakata nani?"

Wote walimgeukia Askofu. Kura ilipigwa pale pale, mikono juu. Wa Idwal ulifika begani, ukahesabiwa.

Jioni Meinir alipiga magoti tena. "Bwana, asante. Lakini nilisema kidogo."

Ukuta uliwachukua wiki saba, kila siku wakibishana jiwe lipi likae wapi. Siku ya tatu tu, mwoka mikate alishampokea Idwal dukani kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Mikate miwili kama kawaida, Idwal Ukuta?"

Idwal alinuna, akalipa, akatoka. Lakini Meinir, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alimsikia mlangoni akilijaribu jina hilo polepole, kwa besi.