Rejimi ya Mukate Mweupe

Bwana yangu Adalbert alikuwa karani wa Goma, na tulikaa katika mutaa wa Katindo. Mwaka wa 1954 rafiki yake Théoneste alirudi kutoka Léopoldville na habari iliyoenea katika nyumba za makarani kama mafua. Alisema kule watu wenye akili wameacha maharagi, viazi na bugali ya mutama. Vyakula hivyo, eti, vinajaza tumbo na kulaza ubongo. Mutu anayetaka kuendelea ale mukate mweupe, chai ya sukari nyingi na maziwa ya mukebe. Jambo hilo waliliita rejimi.

Adalbert akakataza maharagi nyumbani. Mimi Mukantwari, binti wa mulimaji wa Masisi, nilifurahi. Nilipenda majirani waone mikebe mitupu nje ya jiko langu.

Mama yake Adalbert, Nyiransengimana, alikuwa amekuja kutoka Kibumba kunisaidia kulea Apolline, mutoto wetu wa miaka miwili. Siku ya kwanza ya rejimi alitazama kikombe cha chai na kipande cha mukate mbele ya mutoto.

"Na chakula kiko wapi?"

"Ni hicho, Mama," Adalbert alijibu.

"Hicho ni cha kudanganya njaa, mwanangu."

Adalbert alicheka. Nami nikacheka.

Miezi ikapita. Apolline akaacha kucheza, akawa anashinda ameegemea ukuta, analialia. Lakini mashavu yake yalijaa, nami nikajisifu kwamba ananenepa.

Siku moja nilirudi mapema kutoka sokoni. Nyuma ya nyumba nilimukuta mama mukwe wangu amemupakata mutoto, anamulisha maharagi yaliyopondwa pamoja na majani ya lengalenga. Apolline alifungua kinywa hata kabla kijiko hakijafika.

"Mukazana wangu," muzee alisema polepole, "usimuambie bwana yako. Haka kachakula kadogo hakatamuharibia akili."

Nilimuitikia. Lakini Adalbert alipofika kutoka kazini, nilimuambia yote. Labda niliogopa. Labda nilitaka aone kwamba ni mimi ninayemufuata kuliko wote.

Hakumutukana mama yake. Alisema tu, "Mama, hapa si Kibumba. Kama rejimi yangu haikupendezi, barabara ya Rutshuru ya kukurudisha kwako unaijua."

Kesho yake asubuhi muzee alifunga nguo zake, akamubusu mutoto kwenye paji la uso, akaenda.

Haikupita mwezi, miguu ya Apolline ikavimba. Ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nywele zake zikawa nyekundu na nyepesi. Tukamukimbiza hospitali. Muganga, mutu mumoja wa kabila la Wanande jina lake Kataliko, aliuliza mutoto anakula nini.

"Mukate, chai na maziwa ya mukebe," Adalbert alisema kwa fahari.

"Maziwa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja katika kikombe cha chai."

Kataliko alibonyeza tena muguu wa Apolline. "Karani, mutoto wako ana njaa. Huu si unene, ni maji. Mukate si sumu, lakini peke yake haulei mutoto. Nani alikufundisha haya?"

"Rafiki yangu."

"Ni muganga?"

"Hapana. Ni karani kama mimi."

Tulikaa hospitali majuma saba. Kataliko aliagiza maziwa ya ng'ombe, mayai, na maharagi yale yale ya kupondwa. Siku Apolline alipocheka tena, Adalbert alitoka nje, akalia.

Apolline alipopata nguvu tulimupeleka Kibumba. Adalbert alipiga magoti mbele ya mama yake. Muzee alimuinua.

"Mutoto amepona. Inatosha."

"Basi urudi kwetu, Mama."

"Kuwasalimia nitakuja. Kulala, hapana. Nyumba ikikufukuza, usingizi wake haukushiki tena."

Baadaye, mimi na muzee tulipokuwa wawili tu tukimenya viazi, alisema, "Nimejiuliza sana nani alimuambia Adalbert juu ya yale maharagi. Labda majirani walisikia harufu."

Alinitazama. Mikono yangu haikuacha kumenya.

"Labda, Mama," nilijibu.

Aliishi miaka minne zaidi. Kila alipokuja Goma alimubeba Apolline, akakula nasi, akarudi siku ile ile. Adalbert aliamini kosa lote ni lake, nami nikamuacha aamini hivyo. Nafasi za kumuambia muzee ukweli zilikuwa nyingi. Kila mara nilimuongezea chakula kwenye sahani, nikanyamaza.