Usitusikilize

Nimepiga gitaa la roki tangu ujanani, mbele ya spika zenye urefu wa mlango, na masikio yangu yameona cha moto. La kushoto limeshakufa. Daktari aliniambia bila kumung'unya maneno kwamba nikirudi mbele ya zile spika, la kulia nalo kwaheri. Bendi ikatafuta mpiga gitaa mwingine. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye, ila nikimwona natamani ateleze bafuni.

Ndipo nikatunga muziki wa okestra. Hamna gitaa, hamna kipaza sauti. Ni fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa na watu wa kuzipiga, basi. Noti sizijui, shule niliiacha mapema, kwa hiyo niliimba kila sehemu kwa mdomo na binti yangu akaandika. Nilitaka kitu kimoja tu: kuusikia ukipigwa kabla sikio lililobaki halijafunga duka.

Kiongozi wa okestra aliukubali uingie kwenye onyesho. Asubuhi ya siku yenyewe akaamka na homa, kusimama hawezi. Meneja wao, bwana wa tai na maneno machache, akataka kuufuta. Nikamwambia nitaongoza mimi. Alinitazama kama fundi anavyotazama gari lililogongwa, akasema haya, jaribu. Ukiufikisha mwisho kabla ya chakula cha mchana, jioni utapigwa. Usipoufikisha, watapiga mwingine.

Nikapanda jukwaani, nikainua kijiti cha kuongozea, nikakishusha. Kimya. Nilipoanza kuingiwa na hofu, sauti ikaja. Kwenye bendi nimezoea kuvizia ngoma ipige, nami natua juu yake papo hapo. Basi nikawavizia na hawa ili tutue pamoja. Kumbe nao wananingoja mimi. Muziki ukaburuta miguu, ukawa mzito, wapiga tarumbeta wakaishiwa pumzi, ukafa.

Tukarudia, ukafa palepale. Tukarudia tena, ukafa mapema zaidi. Mpiga fidla kubwa mmoja akamwuliza mwenzake kama huu ni muziki au tunasindikiza jeneza. Wakacheka chini chini, na mimi na sikio langu moja nikawasikia vizuri sana. Meneja alikuwa haondoi macho kwenye saa. Shati limenigandia mgongoni. Nikawafokea kwamba wanachelewa.

Anayeongoza fidla ni mama wa makamo, mpole, miwani imeshukia puani. Aliiweka fidla yake mapajani.

"Hatuchelewi, kaka," akasema. "Tunafuata mkono wako, na sauti yetu huja nyuma yake kidogo. Ndivyo tulivyo. Ukitusikiliza, unatungoja. Ukitungoja, tunakufa wote."

"Sasa nifanye nini?"

"Usitusikilize. Uimbe kichwani mwako, uende zako. Tutakuja."

"Dada, huu muziki nimeutunga ili niusikie."

Akaniambia taratibu kwamba kiongozi wao anaweza kusikiliza bila kungoja, lakini kujifunza hivyo kumemchukua miaka, na mimi nina asubuhi hii tu.

Mfukoni huwa natembea na pamba, kwa sababu ya honi za barabarani. Nilijaribu kwanza bila pamba. Sauti yao ikanivuta, mkono ukangoja, tukafa tena. Meneja akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Nikaitoa ile pamba, nikaisokomeza kwenye sikio zima.

Nikaongoza watu wasiotoa sauti. Niliona pinde za fidla zinapanda na kushuka, niliona mashavu ya wapiga tarumbeta yanavimba. Pale tulipokuwa tunafia nilipapita bila kugeuka. Mwishoni sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu, nikajua ngoma kubwa zimeingia, kama nilivyotaka. Nikashusha mikono.

Nilipoitoa pamba nilikuta viti vinakwaruza sakafu na watu wanaulizana chakula kiko wapi. Meneja akanipa mkono. Jioni utapigwa, akasema, na uongoze hivihivi, usibadilishe kitu.

Binti yangu alitoka kwenye viti vya watazamaji, akapanda jukwaani, macho mekundu.

"Muziki umekuwaje?" nikamwuliza.

"Mzuri, baba."

"Mzuri vipi?"

Akasema jioni atanirekodia kwa simu. Nikamwambia hiyo simu aiweke kwanza. Aniimbie sasa hivi, sikioni, pale filimbi zinapokutana na fidla. Aliinama, akaanza, akakosea, akaanza tena, akanishika bega.

"Siwezi, baba," akasema. "Pale wanapiga watu wengi mno."