Asali ya Mgeni

Nyuki waliokufa walikuwa wameingiza vichwa ndani ya vishimo vya sega, mikia nje, kama watoto wanaotafuta kitu kilichoangukia chini ya kitanda. Hicho ndicho Naserian alichokiona kwanza, mwezi wa sita ule, alipofungua mzinga wa tatu. Alipitisha kidole kwenye sega, akakiramba. Pakavu. Hata utamu wa kudanganyia hapakuwa nao.

Alijua palepale kwamba wamekufa njaa. Marehemu bibi yake, aliyemwachia mizinga ile kumi na miwili huko juu msitu wa Meru unapoanzia, alikuwa hagusi asali tangu ukungu wa Mei unaposhuka mpaka jua la Septemba. Alisema hicho ni chakula chao cha baridi, na anayekichukua ni mwizi hata kama mzinga ni wake.

Lakini mradi ulikuwa umeshaandika kwamba nyuki wanaumwa.

Mradi wenyewe uliitwa Utafiti wa Afya ya Nyuki wa Maeneo ya Baridi na Yasiyofikika. Ofisi yake ilikuwa mjini, mtaa wa Sakina, ghorofani, juu ya fundi wa springi za magari, na mratibu wake alikuwa Frederick, kijana wa shahada mbili na viatu vilivyong'aa. Fedha zilitoka nchi moja yenye theluji. Wafadhili walitaka mambo mawili tu: pawe na baridi, na pasifikike. Baridi ilikuwepo, ya kung'ata masikio. Kutofikika ndiko kulikosumbua kidogo, maana bodaboda kutoka Sakina ilifika mizingani kwa dakika arobaini. Kwa hiyo wageni walipitishwa njia ya kuzunguka, ile ya korongoni, ambako gari lilikwama bila kukosa. Walifika alasiri wamechoka, wametapakaa tope, na wameridhika kabisa.

Na wageni walikuja! Kila mzinga ulipokufa waliongezeka: wa wilaya, wa mkoa, wa chuo, wote wakitaka kujua kwa nini mizinga inakufa. Na pale kijijini mgeni haondoki mikono mitupu. Kila mmoja alipewa chupa ya asali, dereva wake nusu chupa.

"Naserian, tufungulie mmoja," Frederick alikuwa akisema, kwa kuwa nyuki hawakumuuma sana msichana yule. Naye alifungua. Yeye aliishia darasa la tano. Neno lilikuwa likipanda mpaka kooni, likiona zile shahada mbili, linarudi lilikotoka.

Mzinga wa saba ulipokufa, Frederick aliitisha kikao. Kikaamua kwamba mizinga ifumiwe sweta. Evaresta, mama wa mtaa wa Levolosi anayefuma sweta za wanafunzi, alipanda mwenyewe kuja kuchukua vipimo.

"Huyu mabega yake yako wapi?" aliuliza, akizungusha futi kamba kwenye mzinga.

"Hana, mama."

"Basi nitamfumia kama mwalimu mkuu wetu. Naye hana."

Sweta zikaja, za buluu, shingo ya V. Nyuki wakawa wanatokea shingoni, wanageuka kuangalia walichovalishwa, wanaenda zao. Wakaendelea kufa. Picha ziliwafurahisha wafadhili kiasi kwamba Daktari Maulida, mwakilishi wao kutoka Dar es Salaam, akasema anakuja mwenyewe. Akipendezwa, utafiti unaongezewa miaka mitatu.

Siku aliyokuja mzinga uliokuwa hai ulikuwa umebaki mmoja.

Asubuhi Naserian aliuinua upande mmoja kuupima. Mwepesi. Asali ya wiki chache, basi. Akamfuata Frederick, aliyekuwa akifunga utepe kwenye chupa tupu.

"Kaka Fredi, haiwezekani tukanunua asali sokoni Ngaramtoni?"

"Ya sokoni? Daktari atoke Dar, akwame korongoni, halafu nimpe asali ya sokoni? Unataka kuitia aibu wilaya nzima?"

Daktari Maulida alifika saa tisa, mama mnene mwenye sauti ya upole, tope mpaka magotini. Wakaamkiana. Frederick akamtembeza kwenye mizinga kumi na mmoja iliyokufa, kila mmoja ndani ya sweta yake.

"Tumeshaondoa sababu nyingi," alisema. "Siyo virusi, siyo upepo, siyo kelele za mbuzi."

"Na hizi sweta?"

"Zimesaidia mno, daktari. Waliokufa baada ya sweta wamekufa wakiwa hawasikii baridi."

Daktari akaliandika hilo.

Wakafika kwenye mzinga wa mwisho. Ulikuwa unavuma taratibu, kama mtu anayesali peke yake. Frederick akampa Naserian bomba la moshi wa kutulizia nyuki.

"Haya, mfungulie mgeni wetu."

Naserian akaliweka bomba chini. Kisha, pasipo yeye mwenyewe kutarajia, akaukalia mzinga.

"Naserian!"

Akaikusanya kanga yake vizuri, akakaa sawasawa. Nyuki watatu wakatoka shingoni mwa sweta, wakamzunguka, wakarudi ndani.

"Anaumwa?" daktari aliuliza.

"Hapana, ana haya tu, si mtu wa maneno," Frederick akacheka, jasho likimtoka katika baridi ile. Akainama. "Dada yangu, inuka. Miaka mitatu hiyo! Chupa moja tu."

"Mwache," alisema Daktari Maulida, akisogea. "Mwanangu, kuna nini?"

Naserian aliangalia viatu vya daktari, maana uso ulikuwa juu mno.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Lakini si tulishaamkiana?"

Kweli walishaamkiana. Hakukuwa na salamu nyingine ya kujificha ndani yake. Naserian akashika kingo za mzinga kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

"Nyuki hawaumwi. Wana njaa. Chakula chao tunawapa ninyi, chupa kwa chupa, kila mkija kuuliza wanakufa kwa nini. Huu siufungui. Mgeni akiondoka mikono mitupu hafi."